Maziwa ya Soya: Yapikwe Vipi, na Nani Asipewe

Kila baada ya semina ya akina mama pale kanisani, hakosi mmoja wa kunivuta pembeni aniulize habari za maziwa ya soya. Huyu mumewe akinywa chai ya maziwa tumbo linaunguruma usiku kucha. Yule bei ya maziwa ya ng'ombe imemshinda, na watoto ni watano. Na wapo wanaouliza kwa sauti ya chini kama yanafaa kwa mtoto mchanga. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu, lakini tuanze jikoni.

Siku hizi kwenye maduka makubwa ya mijini utaona pia maboksi ya maziwa ya oti. Oti ni nafaka ya nchi za baridi, na hata nyumbani unaweza kuisaga kwa maji na kuichuja. Si mabaya, ila kwa protini ni mepesi: gramu 1 hivi katika mililita 100, wakati ya ng'ombe, na ya soya yaliyotengenezwa vizuri, hukaribia gramu 3. Tena soya inalimwa hapa hapa kwetu, Ruvuma, Njombe na Mbeya. Mimi nasema tuanze na kilichopo sokoni.

Mama aliyezoea kukuna nazi na kukamua tui hatapata taabu. Chambua kikombe kimoja kikubwa cha soya kavu, kama gramu 200, uondoe mawe na punje zilizooza. Loweka kwa maji mengi usiku kucha. Kwa wanaoishi kwenye joto kama la Tanga au Dar es Salaam, badilisha maji mara moja yasije yakachacha. Asubuhi punje zitakuwa zimevimba kama mara mbili. Zifikiche kwa viganja, maganda yaelee, uyamwage.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu ladha. Wanasaga kwa maji baridi, kisha wanalalamika kwamba maziwa yananuka maharage mabichi. Ndani ya punje ya soya kuna kimeng'enya kinachoanza kazi mara punje inapovunjwa ikiwa na maji, na ndicho kinacholeta harufu ile. Joto hukizima. Basi tumbukiza punje zako kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5, zichuje, ndipo uzisage kidogo kidogo pamoja na vikombe 6 vya maji ya moto. Mwenye blenda asiijaze kupita nusu, na kifuniko akishikilie kwa kitambaa, kwani mvuke wa moto hukirusha. Asiye na blenda atwange kwenye kinu mpaka soya ilainike kabisa, kisha aikoroge na maji hayo. Kamua kwa kitambaa cheupe kilichochemshwa.

Sasa kuchemsha, na hapa naomba usome taratibu. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini. Anayeyanywa maziwa hayo bila kuiva hupata kichefuchefu, kutapika na kuharisha. Taabu ni kwamba maziwa ya soya hudanganya: kabla hayajachemka kweli, povu hupanda ghafla mpaka ukingoni, na mama huepua akidhani yameiva. Hayajaiva. Mwaka 2003, katika mji wa Haicheng huko China, wanafunzi zaidi ya 2,000 waliugua baada ya kunywa maziwa ya soya shuleni. Kwa hiyo chukua sufuria kubwa kuliko unavyodhani utahitaji. Povu likipanda, punguza moto, koroga mpaka lishuke, kisha yaache yachemke kwa moto mdogo dakika 20 kamili kwa saa, siyo kwa kukisia. Koroga hadi chini maana yanashika upesi. Mwishoni tia chumvi kidogo, sukari ukitaka, na hiliki. Bila friji yanywewe siku hiyo hiyo. Kwenye friji yasizidi siku 2 au 3.

Baba yule wa tumbo kuunguruma atayafurahia, kwa sababu sukari ya maziwa ya ng'ombe inayomsumbua humu haimo. Watu wazima wengi tumbo lao hupoteza uwezo wa kuisaga sukari hiyo, wala si ugonjwa. (Amjaribishe pia mtindi, mara nyingi unamkubali.) Lakini msidhani kila kitu cha ng'ombe kimo. Madini ya kujenga mifupa katika maziwa ya soya ya nyumbani hayafiki hata robo ya yaliyomo katika ya ng'ombe, na vitamini B12 haimo kabisa. Familia inayoyatumia kila siku isikose dagaa wanaoliwa na miba yao, na yai au samaki.

Nirudi kwa mtoto mchanga. Mama mmoja alituletea wodini mtoto wa miezi 4 aliyekonda, macho yamezama, anaharisha. Alikuwa amemwachisha ziwa wiki tatu nyuma na kumpa maziwa ya soya kwa chupa, kwa kuwa jirani alimwambia soya ina nguvu kuliko titi. Hakufanya kwa uzembe. Alikuwa akiamka alfajiri kuyatengeneza, na nguo za mtoto zilikuwa safi. Tulimtibu mtoto na kumsaidia mama kurudisha maziwa yake, kazi iliyochukua wiki kadhaa.

Miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baada ya hapo mtoto aanze vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya soya ya nyumbani yasichukue nafasi ya titi. Hata mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, akitumia dawa zake ipasavyo, hushauriwa anyonyeshe. Yapo maziwa ya kopo ya watoto yaliyotokana na soya, lakini hayo kiwandani yameongezewa mafuta, madini na vitamini kwa vipimo, na huanzwa kwa ushauri wa daktari.

Mahali soya inapofaa kwa mtoto ni baadaye. Jina kwashiorkor limetoka katika lugha ya Kiga ya huko Ghana. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi huko wakati nchi ikiitwa Gold Coast, alieleza ugonjwa huo mwaka 1933, na mwaka 1935 akauandika kwa jina hilo la wenyeji: ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amefika. Mtoto huyo wa mwaka na nusu, anayeshindia uji mweupe, ndiye nikimwona kliniki namwambia mama yake apike ule uji kwa maziwa ya soya badala ya maji matupu.

Na machicha usimwage. Bado ni mabichi, kwa hiyo yasiliwe hivi hivi. Yakaange na kitunguu na nyanya hadi yaive vizuri, au changanya kiganja kimoja kwenye unga wa chapati na uzikaange polepole. Yakibaki, yachemshe uwape kuku.