Liemba, meli ya reli iliyobeba familia za Ziwa Tanganyika

Honi ya Liemba ilipolia usiku wa manane mbele ya kijiji kisicho na gati, hakuna aliyeuliza kuna nini. Mitumbwi ilisukumwa majini, mama akamfunga mtoto mgongoni, magunia yakatangulia. Watu walipandishwa kupitia mlango wa ubavuni, wakivutwa mikono huku mtumbwi ukiyumba. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vituo vingi vilikuwa hivyo.

Wanaoifahamu huiita meli tu. Kumbe kwa sehemu kubwa ya maisha yake ilikuwa mali ya reli, na bila reli isingefika ziwani.

Iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer mjini Papenburg, Ujerumani, ikaitwa Graf von Goetzen, jina la gavana wa zamani wa koloni. Ilifunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam, kisha Reli ya Kati ikayabeba makasha hayo kuelekea Kigoma. Mafundi watatu kutoka kiwandani, pamoja na vibarua Waafrika na Wahindi ambao historia haikuwataja majina, waliiunga upya. Iliingia majini Februari 1915, vita vikiwa vimepamba moto.

Haikukaa sana. Julai 1916 Wajerumani, wakijiandaa kuikimbia Kigoma, waliizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui. Lakini mafundi waliipenda kazi yao: kabla ya kuizamisha walizipaka injini grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa bado inafaa. Mei 16, 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe.

Kutoka hapo ikawa chini ya Reli ya Tanganyika, halafu Reli na Bandari za Afrika Mashariki, na Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli Tanzania. Baadaye ndipo huduma za meli zilipotengwa na kupewa kampuni yake. Injini za mvuke nazo ziliondolewa katika miaka ya 1970, zikafungwa za dizeli. Mzigo ulioshuka kwenye behewa Kigoma uliendelea kwa maji, na dagaa walioanikwa ufukweni walisafiri nayo kwenda sokoni.

Kwa familia za Kalya, Karema, Kipili au Wampembe, hiyo ndiyo iliyokuwa barabara, ndefu kuliko ya lami yoyote waliyoijua. Mgonjwa, mwanafunzi, bwana harusi na gunia la mahindi walikaa sitaha moja.

Uzito wa barabara hiyo ulionekana Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, kisichofikika kwa gari. Vyoo havikutosha, watu wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikalipuka. Ugonjwa huo ukipata maji safi na chumvi za kuongeza maji mwilini mapema hautishi sana. Bila hivyo, mtoto anaweza kufa ndani ya saa chache. Liemba ilikwenda Kagunga ikirudi na watu wasiozidi 600 kwa safari, wengi wao wanawake na watoto. Hata hivyo, takriban watu 30 walikuwa wamefariki kabla mwezi haujaisha.

Meli ilisimamisha safari mwaka 2018, na mkataba wa kuikarabati ulisainiwa Novemba 2023. Tangu iliposimama, wengi wa pwani ile wamegeukia maboti ya mbao. Mjamzito aliyepewa rufaa akiwa na uchungu hukaa juu ya ubao, katikati ya magunia, na upepo wa ziwa ukichafuka boti hurudi ufukweni kusubiri.