Mechi 46, kisha penalti moja

Kila mwezi wa tano, vijana wetu wanaofuata kabumbu la Uingereza huja na swali lilelile: inawezekanaje timu iliyomaliza ya sita ipande daraja, na iliyomaliza ya tatu ibaki chini? Wengine huiita dhuluma wazi. Kabla ya kuwajibu, tuangalie kwanza mashindano yenyewe yanavyokwenda.

Daraja la pili la Uingereza, linaloitwa Championship, lina timu 24. Kila timu hucheza na kila nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini, hivyo inafikisha mechi 46 kuanzia mwezi wa nane hadi wa tano. Timu mbili za kwanza hupanda moja kwa moja kwenda Premier League. Bado nafasi moja. Katika msimu wa 2022-2023, ambao tutautumia kama mfano, nafasi hiyo iligombewa na timu nne: ya tatu ilikutana na ya sita, ya nne na ya tano, mechi mbili kila upande, mabao yakijumlishwa. Aliyemaliza juu anapata faida moja tu, kucheza mechi ya pili kwake. Washindi wawili huenda uwanja wa Wembley, London, kwa mechi moja. Wakitoka sare, huongezwa dakika 30, na baada ya hapo ni penalti.

Tusichanganye na pley-ofu za Linafoot. Msimu wa 2023-2024, kwa mfano, timu zilizofuzu kutoka kundi la Mashariki na la Magharibi zilicheza zote kwa zote na pointi zikahesabiwa. Ukipoteza leo, una mechi nyingine ya kurekebisha. Kule Wembley hakuna mechi nyingine.

Waingereza walianza utaratibu huu mwaka 1987. Zamani, ikifika mwezi wa tatu, timu nyingi za katikati ya jedwali hazikuwa na la kutafuta tena: hazipandi, hazishuki, na mashabiki wanabaki nyumbani. Mchujo uliwarudishia tumaini. Timu ya kumi ikishinda mechi tano mfululizo bado inaweza kuota. Pesa nazo zimo, tusijidanganye. Kwa fainali ya 2023, kampuni ya Deloitte ilikadiria kwamba mshindi angeongeza mapato yake kwa angalau pauni milioni 170.

Fainali hiyo ilichezwa Jumamosi tarehe 27 Mei 2023, mkesha wa Pentekoste. Luton Town walikuwa wamemaliza wa tatu kwa pointi 80. Coventry City walikuwa wa tano kwa pointi 70. Tofauti ya pointi kumi ni kazi ya miezi, lakini refa alipopuliza filimbi ilikuwa sifuri kwa sifuri.

Wengi wetu tuliitazama kwa sababu ya Pelly-Ruddock Mpanzu, kijana wa London mwenye asili ya Congo. Alijiunga na Luton msimu wa 2013-2014, klabu ikiwa daraja la tano, nje kabisa ya ligi za kulipwa zinazohesabika. Akapanda nayo ngazi kwa ngazi. Uwanja wao wa Kenilworth Road wakati huo uliingiza watu kama 10,000 tu, na mashabiki wageni hupita katikati ya nyumba za watu kuufikia.

Mapema katika kipindi cha kwanza, kapiteni wa Luton, Tom Lockyer, alianguka bila kuguswa na mtu. Moyo ulikuwa unapiga vibaya. Alipelekwa hospitali, na wenzake wakaendelea bila yeye. Jordan Clark akaifungia Luton, Gustavo Hamer akaisawazishia Coventry. Dakika 120 ziliisha 1-1.

Penalti kumi za kwanza zote ziliingia. Dan Potts wa Luton akafunga ya sita ya upande wake. Akaja Fankaty Dabo wa Coventry, mpira ukapita juu ya mwamba. Luton 6, Coventry 5. Mpanzu akawa mchezaji wa kwanza kupanda na klabu ileile kutoka daraja la tano hadi la kwanza.

Je, ni haki? Kwa maoni yangu, ndiyo, kwa sababu kila mmoja alijua sheria tangu mwezi wa nane. Asiyetaka mchujo amalize wa kwanza au wa pili. Luton wenyewe walikuwa wameshaonja upande wa pili: mwaka 2011 walipoteza fainali ya mchujo wa daraja la tano dhidi ya AFC Wimbledon, kwa penalti pia.

Lililofuata baada ya filimbi ndilo lisilo la haki. Dabo alitukanwa mtandaoni kwa rangi ya ngozi yake, hadi klabu ikatoa tangazo la kulaani. Lakini Coventry walikuwa na dakika 120 za kupata bao la pili, na hawakulipata, wote kumi na mmoja pamoja na waliotoka benchi. Mfumo wa mtoano hutaka mtu mmoja awe wa mwisho kupiga. Haumaanishi kwamba yeye ndiye aliyepoteza. Wahubiri wenzangu, tunapotafuta mfano wa mtu asiyejiandaa, tumwache Dabo. Aliyekubali kwenda kupiga mbele ya watu zaidi ya 85,000 hakuwa mvivu.

Na matusi hayo tunayajua hata hapa kwetu. Kijana aliyeweka dau la pesa ya ada ya shule hamtukani yule aliyempokea pesa, anamtukana mpigaji. Nasema hivyo kwa akina mama wanaoshangaa kwa nini mtoto amerudi kutoka kutazama mpira akiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa.

Kwa kamati za vijana zinazopanga mashindano ya parokia wakati wa likizo: mtoano ni mwepesi kupanga, lakini nusu ya timu hurudi nyumbani baada ya mechi moja, nyingine zimetembea mbali. Makundi madogo kwanza, mtoano baadaye, ni bora. Na penalti zikifika, mchungaji au kocha asimame karibu na yule atakayekosa, kabla kelele hazijaanza.

Lockyer alitazama mwisho wa mechi akiwa hospitalini. Luton walishuka tena mwaka 2024. Coventry walirudi kwenye mchujo mwaka 2025 wakatolewa na Sunderland, kwa bao la mwisho kabisa la muda wa nyongeza.