Kabla ya Sultani Majid, Kunduchi Ilikuwepo

Ukihesabu rekodi za Dar es Salaam, anza na udogo wake. Kwa eneo, ndio mkoa mdogo kuliko yote ya Tanzania Bara: kilomita za mraba 1,393 tu. Humo sensa ya 2022 ilikuta watu 5,383,728, wengi kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Kati ya wilaya zake, Ilala inaongoza kwa 1,649,912, Temeke inafuata kwa 1,346,674. Kinondoni, pamoja na umaarufu wake wote, ina 982,328, nyuma hata ya Ubungo iliyomegwa kutoka kwake.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga mwaka 2022 ilikuja na Kinshasa, jiji kubwa kuliko Dar. Lakini Kinshasa huongea Kilingala. Kwa jiji la Waswahili, yaani watu wanaogombana, kuoana na kuzikana kwa Kiswahili, Dar haina mpinzani duniani.

Rekodi ya ukongwe ndiyo inayosimuliwa nusunusu. Hutajwa Sultani Majid bin Said, aliyeanza kujenga miaka ya 1860 jirani na kijiji cha Mzizima. Alifariki 1870, ujenzi ukadorora, hadi Wajerumani walipoufanya mji huo makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Hiyo ni historia ya bandarini. Jiji la leo limefika mbali zaidi, na upande wa kaskazini limeikuta Kunduchi ikiwa na gofu la msikiti wa karne ya 15 au 16. Kando yake yamo makaburi ya karne ya 18, yenye nguzo zilizopachikwa bakuli na sahani za kauri, nyingine za Kichina. Chombo cha namna hiyo hakipachikwi kaburini kwa mtu asiye na kitu. Hapa palikuwa na wenye mali, na palikuwa na majahazi yaliyofuata kaskazi na kusi. Naona aibu kwamba watoto wengi wa Tegeta na Mbezi wanaifahamu Kunduchi kwa ufukwe na samaki pekee.

Jirani, kwenye kilima cha Wazo, kiwanda cha kwanza cha saruji nchini kilianza kuzalisha mwaka 1966, kwa mawe ya chokaa ya kilima hichohicho.

Rekodi ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, haipimwi kwa mita wala vichwa. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa Dar tarehe 25 Juni 1962. Mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka makao yake hapa, na wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini wakapata mahali pa kufikia. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupitia mikononi mwa walowezi wa Rhodesia.