Mwizi Anapita Juu: Vihisi vya Siri Kwenye Paa la Bati

Ukipita kwenye shule nyingi hapa Tabora utaona ulinzi wote umewekwa chini. Madirisha yana nondo, mlango una geti la chuma na kufuli mbili, mlinzi amekaa mbele na tochi yake. Juu kuna bati tu. Misumari michache iking'olewa, silingi bodi ikapigwa teke, jamaa yuko ndani ya chumba cha kompyuta na kufuli zote ziko salama. Wenzangu wa ualimu, tusiseme hayo ni mambo ya mafundi. Sisi ndio tutakaokabidhiwa funguo za vyumba hivyo, na kompyuta zikiondoka, darasa linarudi kuchorewa kibodi ubaoni.

Waliojenga kwenye njia ya misafara hawakuliacha paa nyuma. Tembe, nyumba iliyoenea kutoka Ugogo hadi Unyanyembe, lilikuwa na paa bapa la miti lililofunikwa udongo, na kuta za nje zenye matundu machache. Mwaka 1871, Mirambo alipoishambulia Tabora, Stanley alikuwa Kwihara, akatoboa kuta za tembe alimokaa ili kupata matundu ya bunduki. Nyumba ilikuwa ngome. Aliyetaka kupita juu ilibidi achimbe, na udongo ukiwadondokea waliolala, wanaamka. Bati ni jepesi na hufungwa haraka, ila kengele hiyo ya udongo haipo tena. Kazi ya vihisi ni kuirudisha: kumshtua mtu wakati mwizi bado yuko juu, kabla hajatua chumbani.

Viko vya aina tatu, na kila kimoja kina mahali pake.

Cha kwanza ni waya mwembamba unaozungushwa chini ya bati, kando ya papi, ukipitisha umeme kidogo muda wote. Bati likiinuliwa waya unakatika, umeme unasimama, king'ora kinalia. Kwa hiyo kuukata hakumsaidii mwizi, maana kukatika ndiko kunakopiga kelele. Fundi makini huweka rezista mwishoni mwa waya. Mtu akijaribu kuunganisha nyaya njiani ili audanganye mfumo, kipimo kinabadilika na kisanduku kinagundua.

Cha pili ni kihisi cha mtikisiko, kinachofungwa kwenye kenchi. Kinahisi mtarimbo unapong'oa misumari. Shida ni kwamba bati lenyewe hulia jioni linapopoa, na huku kwetu kwenye miembe, embe moja likidondoka usiku ni kishindo. Kwa hiyo kinarekebishwa kisipige kelele kwa kishindo kimoja, bali kwa mitikisiko kadhaa inayofuatana.

Cha tatu ndicho wengi hukimbilia kununua: kihisi cha joto la mwili. Hiki hutambua tofauti kati ya joto la mtu anayepita na joto la mahali alipo. Ukikiweka juu ya dari, mchana wa Oktoba wikendi shule ikiwa tupu, hewa chini ya bati inaweza kukaribia nyuzi 37 za mwili, na mtu akapita bila kuonekana vizuri. Usiku nako panya na popo watakitesa. Kiweke chumbani, chini ya dari, kiwe mtego wa pili.

Kwa nini vifichwe? Mwizi akijua waya umepita wapi, atachagua bati jingine. Wanaojua mpango wawe wachache: mkuu wa shule, fundi na mlinzi. King'ora chenyewe ni tofauti. Kifungwe juu nje, ambako mkono haufiki, kisikike hadi kwa majirani.

Kuna mambo madogo yanayoangusha mfumo mzuri. Umeme ukikatika lazima betri ishike zamu. Kama kisanduku kinatuma ujumbe kwa simu, laini yake iwe na salio, la sivyo taarifa inaishia darini. Msimu wa mvua radi za hapa si za mchezo, basi mfumo uwe na kinga na waya wa kutua ardhini.

Kubwa kuliko yote ni kelele za uongo. King'ora kikilia ovyo siku tatu, siku ya nne kinazimwa, na siku hiyo ndiyo mwizi anakuja. Asubuhi anayeitwa kujieleza ni mlinzi, ambaye pengine hakuwahi kuoneshwa hata swichi iko wapi.

Kwa hiyo ukifika kituo chako cha kazi, kabla ya kusaini makabidhiano ya chumba cha kompyuta, omba mfumo ujaribiwe usiku, mlinzi akiwepo, mtu mmoja akitikisa bati kweli. Kisha muulize mlinzi alisikia nini, na akisikia tena atafanya nini.