Kufundisha Insha ya Maelezo: Funzo la Maziwa Yaliyoganda

Mwalimu wa sayansi aghalabu huona kwamba kufundisha uandishi ni kazi ya mwalimu wa lugha. Naye mwalimu wa lugha huona kwamba kueleza jaribio ni kazi ya mwalimu wa sayansi. Baina ya wawili hawa mwanafunzi hubaki bila wa kumfundisha. Makala haya yanakusudia kuonyesha misingi mitatu ya insha ya maelezo, yaani insha ambayo shabaha yake si kusimulia hadithi wala kumshawishi msomaji, bali kumfahamisha jambo lilivyo na jinsi linavyotokea. Mfano tutakaoutumia ulianzia katika shule zetu wenyewe.

Swali la Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Yeye na wenzake walizoea kutengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kuyatia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka katika jokofu. Siku moja, kwa kuchelea kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi aliyakuta yameganda, ilhali ya mwenzake, yaliyowekwa bila kuchemshwa, yalikuwa bado mazito tu.

Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hata alipoendelea na masomo Mkwawa, Iringa, swali lake lilifanyiwa mzaha. Hatimaye alimwuliza Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja shuleni kuzungumza na wanafunzi. Osborne hakulipuuza swali. Alirudi chuoni likafanyiwa jaribio. Mwaka 1969 makala yao yalichapishwa katika jarida la Physics Education, na hadi leo jambo hilo hujulikana ulimwenguni kwa jina la Mpemba.

Je, swali lililochekwa darasani lilipataje kusikilizwa na wataalamu wa nchi za mbali? Liliandikwa kwa namna iliyomwezesha mtu asiyekuwapo kulirudia jaribio na kulipima mwenyewe.

Msingi wa kwanza: Mwandikie asiyekuwapo

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Lakini msomaji wa insha hana macho ndani ya maabara yetu. Hapana budi aambiwe. Mwanafunzi huandika: “Tulichukua maji ya moto na maji ya baridi, tukayaweka katika jokofu, na ya moto yakaganda upesi.” Maji kiasi gani? Ya moto kwa nyuzi ngapi? Upesi kwa dakika ngapi? Katika jaribio la Osborne tunaelezwa kwamba maji yalikuwa sentimita za ujazo 70, katika bika za sentimita za ujazo 100, nazo bika ziliwekwa juu ya kipande cha plastiki ya povu. Kila kipimo ni jibu la swali ambalo msomaji angeliuliza.

Msingi wa pili: Fafanua neno kabla ya kulitumia

Hapa ndipo insha nyingi huanguka. Chukua neno “kuganda”, ambalo kila mtu hudhani analijua. Je, maji yameganda yafikapo nyuzi 0 za Sentigredi? Au chembe ya kwanza ya barafu ionekanapo? Au yanapokuwa barafu tupu? Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina muda wake. Osborne alipima muda wa kuanza kuganda, akaona kwamba maji yaliyoanza kwa nyuzi 25 hivi yalichukua muda mrefu kuliko yaliyoanza karibu na nyuzi 90. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima muda wa maji kufika nyuzi 0, wala hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia. Waliongeza kwamba tofauti ndogo ya mahali kipimajoto kilipowekwa yaweza kumpotosha mpimaji. Asiyefafanua neno lake hubishana na watu wanaozungumzia jambo jingine.

Msingi wa tatu: Tenga lililoonekana na linalodhaniwa

Nilipokuwa nikisoma ng’ambo, msimamizi wangu alinirudishia sura ya kwanza ya tasnifu yangu ikiwa na swali moja pembezoni mwa karibu kila aya: “Hili umelipima, au umelidhani?” Niliona haya, lakini tangu siku hiyo sijaandika bila kujiuliza swali hilo.

Kwamba maziwa yaliganda ni jambo lililoonekana. Kwa nini yaliganda ni jambo jingine. Wako waliotaja uvukizaji unaopunguza maji ya moto, wengine mikondo ndani ya chombo, wengine gesi zilizoyeyuka majini. Wataalamu hawajaafikiana hata sasa. Basi mwanafunzi na aandike aya moja ya yale aliyoyaona, na aya nyingine ya sababu anazozidhani, akitumia maneno kama “huenda” na “yamkini” pale yanapostahili.

Zoezi la darasani

Wapange wanafunzi wawili wawili. Kila mmoja aandike maelezo ya jaribio jepesi, kwa mfano kupima muda wa maji ya moto kupoa katika kikombe. Kisha mwenziwe alifanye kwa kufuata maandishi peke yake, mwandishi akiwa kimya. Kila mahali mtendaji atakapokwama, mwandishi aweke alama, kisha aandike upya. Zoezi hili halihitaji vifaa vya gharama, na humfundisha mwanafunzi zaidi ya wino mwekundu wa mwalimu.

Ndugu mwalimu, huenda darasani mwako yumo kijana aliyeona jambo usiloliamini. Usimcheke; wala usimkubalie upesi. Mwambie aende akaliandike.