Je, Wajua? Siri za Kulitunza Gari la Spoti Lililozeeka, Kutoka Safari Rally hadi Vilima vya Bihambwe

Anayesimama kandokando ya barabara Bihambwe, katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, huona malori ya viazi na maharage, Land Cruiser, pikipiki za abiria na chukudu, zile skuta za mbao za kubebea mizigo. Gari la spoti la zamani ni nadra kupita hapo. Hata hivyo, kila kinacholitesa gari la aina hiyo kipo kwenye barabara hiyo: vumbi, tope, mawe, miteremko mirefu na hewa nyepesi ya milimani. Ndiyo maana mambo tuliyoyakusanya hapa yanamfaa mwenye Datsun ya mwaka 1971, na yanamfaa vilevile mwenye Corolla kuukuu ya mizigo. Yote yanathibitisha jambo moja: gari la zamani huuawa na kazi ndogo iliyoahirishwa, na huokolewa na kazi ndogo iliyofanywa kwa wakati.

1. Gari lililokwisha kutumika liliyashinda mapya

Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari Rally kwa Volvo PV544. Muundo wa gari hilo ulitokana na PV444, ambalo lilianza kutengenezwa mwaka 1947. Tena gari lenyewe halikuwa jipya: timu ya kiwanda ilikuwa imeshalitumia kwenye Safari ya mwaka 1964. Joginder, mzaliwa wa Kericho nchini Kenya, alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva maarufu, na alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Dereva anayeijua spana hulisikiliza gari lake. Mlio mpya, harufu mpya au mtikisiko mpya kwenye usukani kwake ni taarifa, naye hushuka kutazama kabla kifaa hakijakatika.

2. Kuna miaka ambayo magari 7 tu yalimaliza

Safari ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, magari 7 pekee ndiyo yaliyofika mwisho kati ya makumi yaliyoanza. Tope, mito iliyofurika na mashimo viliyamaliza mengine. Safari iliwafundisha watengenezaji kwamba kasi bila uimara haifiki popote. Magari ya mbio yakawekewa bamba la chuma chini ya injini, springi ndefu na shokapu nzito. Bamba hilo la chini linafaa hata leo kwa gari lolote linalopita barabara ya mawe, kwa sababu jiwe moja likipasua sampu, oili yote humwagika na injini hufa ndani ya dakika chache.

3. Datsun 240Z ilishinda mara mbili

Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili lenye injini ya silinda sita na ukubwa wa lita 2.4, lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo wa 1973 Mehta na Harry Källström, naye akiwa na Datsun, walimaliza wakiwa sawa kwa alama za adhabu. Ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Adui mkubwa wa 240Z zilizobaki leo ni kutu. Hushika sakafu, chini ya batri, na pembe ambamo tope hujificha. Dawa yake ni maji safi: kuosha chini ya gari na ndani ya matao ya magurudumu kila baada ya safari ya tope, kisha kuhakikisha vitundu vya kutolea maji vilivyo chini ya milango havijaziba. Tope lililokauka hunyonya unyevu na kuushikilia kwenye bati miezi mizima.

4. Kuna gari ambalo oili yake hupimwa injini ikiwaka

Magari mengi hupimwa oili yakiwa yamezimwa kwa dakika kadhaa, mahali tambarare. Porsche 911 za zamani, zile za injini iliyopozwa kwa hewa ambazo uzalishaji wake ulikoma mwaka 1998, ni kinyume chake. Oili yake hukaa kwenye tangi la pembeni, hivyo hupimwa injini ikiwa imeshapata moto na inanguruma taratibu. Ukipima ikiwa baridi, kijiti huonyesha kiasi kidogo kuliko kilichomo. Wengi hudanganyika, wakaongeza, na oili iliyozidi ikaishia kwenye njia ya hewa na kutoa moshi mzito.

Gari lolote ulilo nalo, kifungue pia kifuniko cha kujazia oili na ukitazame upande wa ndani. Ukiona utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika na oili. Gari la safari fupifupi kwenye baridi ya milimani linaweza kuonyesha utando mdogo bila kuwa na ugonjwa, kutokana na mvuke uliogeuka maji. Lakini kama maji ya rejeta pia yanapungua, peleka gari kwa fundi akague gaskiti ya silinda hedi siku hiyohiyo.

5. Vilima vya Masisi huiba nguvu ya injini

Vilima vingi vya Masisi vinakaribia au kuzidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 20 kuliko pwani, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kama hicho. Gari lenye nguvu-farasi 150 Mombasa hubaki na takriban 120 likifika huko juu. Hilo si ubovu, na hakuna fundi awezaye kulirekebisha kwa kubadilisha vifaa.

Lipo hata hivyo jambo ambalo fundi analiweza. Kabureta iliyorekebishwa pwani hutoa petroli nyingi mno kwa hewa kidogo ya mlimani. Fungua plagi utazame ncha zake. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu ni petroli iliyozidi, au chujio la hewa lililoziba kwa vumbi. Weupe uliopauka ni joto kali na petroli pungufu, hali inayoweza kutoboa pistoni. Anza na chujio la hewa, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

6. Kifuniko cha rejeta ni kifaa, si kizibo tu

Kwenye mwinuko wa mita 2,000 maji huchemka yakifika nyuzi 93 hivi za Selsiasi, badala ya 100. Kinachookoa injini ni kifuniko cha rejeta: springi na mpira wake huzuia mvuke, shinikizo hupanda, na maji hayachemki mpaka joto lipite kiwango hicho kwa mbali. Mpira huo ukichakaa, gari huchemsha kila mlima, na mwenye gari huanza kununua rejeta, pampu na thamostati, ilhali ubovu ulikuwa kwenye kifuniko cha bei ndogo.

Usijaze maji ya mtoni. Madini na matope yake huganda ndani ya mirija myembamba ya rejeta. Dawa ya kupoza injini inafaa hata pasipo barafu, kwa kuwa huzuia kutu ndani ya injini na hupandisha kiwango cha kuchemka. Na kamwe usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto.

7. Mafuta ya breki hunywa maji

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa polepole, hata gari likiwa limesimama. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Mushaki kuelekea Sake, hukohuko Masisi, breki zikishikwa mfululizo joto hufika kwenye mafuta, maji yaliyomo huchemka, na mapovu huingia kwenye mirija. Mapovu hubanika. Dereva hukanyaga na pedali ikazama hadi sakafuni.

Kinga ni mbili. Badilisha mafuta yote ya breki kila baada ya miaka miwili, hata kama yanaonekana kujaa. Na unaposhuka, tia gia ndogo mapema, injini ikusaidie kulizuia gari.

8. Tairi lina tarehe ya kuzaliwa

Kwenye ubavu wa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mfumo huo ulianza mwaka 2000. Magari ya spoti ya zamani hutembea kidogo, hivyo tairi zake huzeeka kabla ya kwisha. Kashata zinaweza kuonekana mpya huku mpira umeshakuwa mgumu na kupasuka nyufa ndogo ubavuni. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisivuke miaka 10, hata kama halijaguswa.

Tairi lililostaafu si taka. Huko Goma na Masisi mafundi hukata vipande vya mpira wake na kuvipigilia kwenye magurudumu ya mbao ya chukudu.

9. Taa za gari la Japani humpofusha dereva wa Kongo

Japani, Kenya, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Kongo na Rwanda hupita kulia. Taa ya chini iliyotengenezwa kwa nchi za kushoto huinua mwanga upande wa kushoto ili kumulika ukingo wa barabara. Ukiliendesha gari hilo Kongo bila kubadilisha taa, mwanga huo humpiga machoni anayekuja mbele yako. Magari mengi ya zamani, 240Z na Land Cruiser za kale zikiwemo, hutumia taa za duara za inchi 7 ambazo hubadilishwa kwa bisibisi. Ni kazi ndogo inayookoa maisha ya watu wawili, wewe na usiyemjua.

10. Kulala kunaliharibu gari kuliko kutembea

Gari lililofunikwa miezi mingi huharibika kimyakimya. Petroli huchacha na kuacha utomvu ndani ya kabureta. Sili za mpira hukauka na kuanza kuvuja. Panya hukata nyaya. Batri ya volti 12 iliyojaa vizuri husoma takriban volti 12.6 ikiwa imetulia, na ikiachwa chini ya 12.4 kwa muda mrefu, chumvi hujengeka juu ya bamba zake hadi isishike tena chaji. Liendeshe gari angalau kila baada ya wiki mbili, mpaka lipate moto kamili. Kuliwasha dakika tano na kulizima hakutoshi, maana huacha maji ndani ya silensa na oili.

11. Udongo wa jirani umo ndani ya magari ya dunia

Rubaya, jirani na Bihambwe, hutoa takriban asilimia 15 ya koltani yote ya dunia. Kutoka kwenye koltani hupatikana tantalamu, metali inayoyeyuka kwa joto linalozidi nyuzi 3,000 za Selsiasi, nayo hutumika kutengeneza kapasita ndogo za vifaa vya elektroniki, zikiwemo kompyuta zinazoongoza injini za magari ya kisasa. Magari ya kabureta kama 240Z hayana kompyuta hiyo, na ndiyo sababu fundi wa kijijini mwenye spana, bisibisi na kipima umeme bado anaweza kuyafufua.

12. Mzee wa miaka 68 alishinda na gari la zamani

Björn Waldegård wa Sweden, bingwa wa dunia wa mwaka 1979, alishinda Safari mara nne: 1977, 1984, 1986 na 1990. Mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, alishinda pia Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza mwaka 2003, akiendesha Porsche 911. Katika mbio hizo magari hupita maelfu ya kilomita za vumbi, na kila jioni mafundi huyainua, huzikaza nati, hukagua mipira ya shafti, huosha vichujio na kubadilisha kilicholegea kabla hakijaanguka.

Nawe unaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo kila asubuhi, kwa dakika tano na bila gharama. Inama utazame chini ya gari: tone jeusi au la kahawia ni oili, la kijani au la waridi ni dawa ya kupozea, na utelezi karibu na gurudumu unaweza kuwa mafuta ya breki. Pima oili. Tazama maji na mafuta ya breki. Bonyeza mkanda wa alternata. Kagua tairi zote nne na la akiba. Ukiona kasoro, isahihishe kabla ya kuondoka, wala usiiache ikafika nawe mlimani.

Msomaji, kama una gari kuukuu, liwe la spoti au la viazi, anza ukaguzi huo kesho.