Minazi Kumi na Mmoja

Juzi katika kichochoro cha Mathare nilimkuta mama mmoja yuko juu ya mbuzi, akuna nazi. Nilisimama. Mwanawe akaniuliza: "Mzee, mti ya hii iko wapi?" Ngeli sikuisahihisha. Nilimwambia uko Mvita, kwani mnazi wataka joto na upepo wa chumvi, na Nairobi imepita mita 1,600 juu ya bahari.

Naam, msomaji, Mvita ndiyo Mombasa. Mnazi huko hautupwi kitu: makuti huezekwa, chelewa hufungwa fagio, makumbi hufukiwa topeni hata yalainike, yakapondwa na kusokotwa kamba. Mtende umetajwa katika Kurani, mnazi haukutajwa. Nasi chuoni tulikariri habari za mtende huku twatazama mnazi dirishani.

Wageni huendea Mji wa Kale. Mreno alianza kuijenga Ngome mwaka 1593. Akazingirwa humo tangu 1696 hata Desemba 1698, Waomani walipoitwaa. Mwingereza aliifanya jela, 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika urithi wa dunia wa UNESCO. Wakitoka hapo hupita Ndia Kuu kutazama milango ya nakshi. Sina ugomvi nao. Lakini ziko hoteli ambazo minazi yake huanguliwa nazi zingali changa, zisije zikamwangukia mgeni kichwani! Mnazi uliokatazwa kuzaa, jamani!

Wala pwani haiko mbali na Mathare kama idhaniwavyo. Hapo jirani ni Pangani, palipokuwa kijiji cha Waswahili hata kikabomolewa mwaka 1939, watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Na Majengo ya Pumwani yalijengwa nyumba za ukumbi katikati, vyumba huku na huku, kama za kwetu.

Lililonisimamisha kwa yule mama ni jingine. Ninayo minazi kumi na mmoja ng'ambo ya Likoni, aliyoipanda marehemu mama mwaka niliozaliwa. Kwetu mti huweza kuwa na mwenyewe, na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mtu huuza mnazi, huuweka rehani, huurithisha, bila ya kumiliki kiwanja ulipo. Mwenye ardhi sasa ataka kujenga vyumba vya kupangisha. Amenipigia simu mara mbili, kwa adabu, akanitajia bei ya kila mti. Naye atafuta riziki, simlaumu. Mnazi mrefu wa kienyeji hukaa miaka sita saba ndipo uzae, kisha huzaa hata miaka sitini na zaidi. Hii yangu bado yazaa. Nami chumba changu hapa Mathare nadaiwa kodi ya miezi mitatu.

Yule mama alipomaliza kukuna alinipa kifuu kimoja. Nimekiweka mezani, kando ya simu. Asubuhi hii imelia tena, nami nilikuwa nikiandika haya, sikuipokea.